Nilivyoikamata PP ndani ya HDPE kwa pasi ya nguo

Atakayekwambia "choma plastiki kidogo unuse utajua ni ipi" mpuuze. HDPE na PP ni aina mbili za plastiki, ukizichoma zote zinanuka mshumaa, na ukizitia majini zote zinaelea. Mie nilinusa wiki nzima nikaambulia kikohozi.

Kiwandani kwetu Dar tunasaga makreti na vizibo tunatoa peleti, yaani punje za plastiki za kutengenezea ndoo. Shida ni vizibo, vingine HDPE vingine PP, na PP ikizidi ndoo ukiidondosha tu inapasuka. Bosi akaleta FTIR ya mtumba, mashine inayomulika plastiki kwa mwanga wa infraredi ikakuonyesha ni aina gani, bei sisemi.

Nikaanza kubana peleti mojamoja chini ya almasi ya mashine. Hii PP asilimia 4, jirani yake 22, mfuko mmoja! Nikamvaa opareta, naye akanijibu, "Bwana mdogo, mashine yako imelogwa." Kumbe kwenye almasi mwanga unaingia maikroni moja mbili tu, mie nasoma ngozi ya peleti nadhani nimesoma nyama.

Ndo nikakumbuka pasi. HDPE inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, PP 160 na kitu, pasi ikiwa moto wa mwisho inafika. Nachukua peleti kama ishirini nayeyusha, nakunja, nakandamiza, nakunja tena kama chapati, mpaka nipate utando mwembamba wa kupitisha mwanga. Mwanzoni nilitumia karatasi za kuokea keki, spektra, ule mchoro wa mashine unaoonyesha mwanga ulionyonywa, ikaja na kilele cha ajabu kwenye namba ya wimbi 1260 na mlima mpana 1000 mpaka 1100. Nikamwambia bosi kwa kujiamini kabisa kuna mtu anatuchanganyia uchafu, tukapekua magunia siku mbili! Ilikuwa silikoni ya karatasi. Sasa hivi foili tu.

Kilele cha PP ni 1167, nakigawa kwa cha PE (hiyo HDPE yenyewe) kwenye 720 ili unene usinisumbue. Hiyo 1376 iacheni, PE nayo inachungulia pale. Na utando upoe vilevile kila siku, ukipoza kwa maji leo na kesho kwa feni namba zinahama.

Mchanganyiko wa kupimia nilitengeneza mwenyewe, PP asilimia 0, 5, 10, 20, 30, kila mmoja umepita kwenye ekstruda, mashine ya kuyeyusha na kuchanganya plastiki, bosi kanuna kwa malighafi iliyopotea. Sasa kila nusu saa nachota peleti, dakika kumi opareta ana namba yake, anajua apunguze vizibo au aendelee.

Ila pasi ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Shati la kanisani la mama watoto likatoka na plastiki kifuani, ndo nikakimbilia Kariakoo kununua nyingine, thelathini na kitu hivi.