Neno la mpita njia kwenye mikorosho

Maua ya mikorosho yakianza, kuanzia mwezi wa 6, kwenye vijia vya Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, hakosekani mtu anayesimama chini ya mkorosho usio wake. Anainama, anatazama tawi la chini, kisha anapiga hodi kwa mwenye shamba. Hadai kitu, pengine hata hafahamiki pale. Neno lake linaweza kuokoa msimu wa mtu, ila linahitaji kusemwa vizuri na kwa ujuzi.

Salamu kwanza, tena kamili: shikamoo kwa mkubwa, habari za nyumbani, habari za shamba. Anayefika na "Mama, mikorosho yako imekwisha" amemkatisha tamaa mtu ambaye bado ana nafasi. Afadhali kuuliza: "Mama, umeshapuliza dawa mara ngapi? Mara ya mwisho lini?" Majibu hayo mawili yanaeleza mengi kuliko kutazama shamba zima. Na hayo yasemwe palepale mtini, si ghalani siku ya kupima, mbele za watu.

Kisha mwonyeshe kitu chenyewe. Shika shada la maua, pitisha kidole. Ukitoka unga mweupe wa kijivujivu, kama vumbi la unga wa muhogo, huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Hushika sehemu changa: machipukizi, majani laini, maua. Ua lililoshikwa hukauka likadondoka bila kufunga korosho. Mara nyingi huanzia kwenye machipukizi ya ndani, chini ya mti, penye kivuli na ubaridi, ndiyo maana yanapaswa kukatwa kabla msimu haujaanza. Lakini ukiona madoa meusi marefu kwenye chipukizi, na ncha imekauka kama imepitiwa na moto, hapo ni mbu wa mikorosho, mdudu anayenyonya utomvu wa machipukizi.

Hapa ndipo wema usio na ujuzi humtia mtu hasara. Salfa, dawa ya ubwiriunga, haiui mbu huyo. Jirani anayejibu "piga salfa" kwa kila ugonjwa anamtoa mwenzake hela na siku za kazi, na mbu anaendelea kunyonya. Mpita njia akiona juu ya mti viota vya maji moto, wale sisimizi wakali, amshauri mwenye shamba asivichome. Wanauma wakati wa kuokota, ni kweli, lakini wanamwinda mbu huyo.

Kwa ubwiriunga, kipimo cha salfa ya unga ni gramu 250 kwa mkorosho mkubwa, kila baada ya siku 14, hadi mizunguko mitano. Mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 100 kwa mzunguko mmoja. Hesabu hii ifanyike pamoja na mwenye shamba, kwa sababu wengi huugawa mfuko mmoja kwa miti 200, ugonjwa ukarudi, wakasema dawa ni feki. Dawa za maji hurudiwa kila siku 21, kwa kipimo cha kwenye chupa. Salfa ipulizwe alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Jua likishapanda na upepo ukaanza, unga unaishia kwa jirani. Salfa iliyoshika unyevu ikaganda mabonge haitawanyiki vizuri. Mpulizaji afunike pua, mdomo na macho.

Asiye na bomba la kupulizia dawa ndiye anayehitaji zaidi ya maneno. Mkopeshe lako alfajiri moja ukishamaliza kwako, likiwa na mafuta ya kuanzia, na umwonyeshe linavyowashwa.

Mwenye shamba naye akiwa na mashaka asione haya: Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kuna kituo cha utafiti wa korosho, na bwana shamba wa kata anaweza kuja kutazama. Mpita njia mwema hachukii akihakikiwa.

Baada ya siku 14 pita tena njia ileile. Tazama maua mapya ya tawi lile la chini, maana yaliyokwisha kukauka hayafufuki, kisha upige hodi.