Mamake Sarafina

Filamu ya Sarafina, ile ya wanafunzi wa Afrika Kusini waliopinga ubaguzi wa rangi, niliitazama Nyalenda, Kisumu, likizo ya Desemba mwaka 1998. Jirani yetu ndiye aliyekuwa na televisheni na deki, na mkanda alikuwa ameukodi mjini. Watoto tulijazana mkekani, wakubwa wakakalia viti, waliochelewa wakachungulia dirishani.

Sisi wadogo tulifuata nyimbo. Tulikuwa tukiziimba shuleni kabla hata ya kuiona filamu yenyewe, kwa hiyo Leleti Khumalo, aliyeigiza Sarafina, alipoanza kucheza na wanafunzi wenzake wa Soweto, sebule nzima iliitikia.

Mama aliingia katikati, ametoka Milimani alikokuwa akifulia watu nguo. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji, ngozi imepauka kwa sabuni. Hata hakuketi. Kwenye skrini Sarafina alikuwa na mamake, Angelina, mfanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu.

"Huyu si Makeba?" mama akauliza. "Yule wa Malaika?"

Ndiye, Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini. Tangu hapo mama hakubandua macho. Sarafina anamwona baba aliyekufa akipigania uhuru kuwa shujaa, na mama anayewatumikia Wazungu kuwa mnyonge. Anatoka jela ndipo anapomwelewa. Mwenye nyumba alisema msichana alikuwa na haki ya kukasirika. Mama akamjibu papo hapo: "Mtu anaosha vyombo vya watu ili mtoto wake ale. Unyonge uko wapi hapo?" Ubishi uliwaka, tukakosa kusikia maneno kadhaa, na mama akaomba mkanda urudishwe mwanzo. Ukarudishwa.

Wengi humsifu Whoopi Goldberg, aliyeigiza mwalimu Mary Masombuka, na kweli anapochukuliwa na polisi inauma. Khumalo naye alistahili kila sifa; uhusika ule alikuwa ameushika jukwaani miaka mingi, hadi Broadway. Lakini mimi moyo wangu uko kwa Makeba, ambaye hata haonekani sana. Baadaye nilisoma kwamba mamake mzazi alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na kwamba alipofariki mwaka 1960 serikali ya makaburu ilimzuia Makeba kurudi kumzika. Alikanyaga tena nchi yake mwaka 1990. Filamu ikatoka 1992. Nikimtazama Angelina sasa, naamini mama huyo hakumtoa kwenye karatasi za mwandishi peke yake.

Novemba 2008, Kisumu bado ikishangilia ushindi wa Obama, Makeba alifariki Italia baada ya kupanda jukwaani. Mama alisikia redioni akanipigia simu. Malaika hakuitaja. Alisema, "Mwanangu, mamake Sarafina ametutoka."