Mtego Mmoja, Mchana na Usiku

Jana jirani yangu alisimama kwenye ua akilalamika kwamba panya wamefukua karibu mbegu zote za mahindi alizozipanda baada ya mvua za kwanza za vuli, akaongeza, kwa uchungu wa mtu anayelazimika kupanda upya, kwamba panya ni panya tu na wote dawa yao ni moja. Nilimpa pole, kwa kuwa hasara ile ni ya kweli, lakini kauli yake ilinirudisha Morogoro, kwenye alasiri moja ya kipindi kile nilichokuwa nikibeba mitego ya watafiti wa panya.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni katika eneo lile. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa wakimfuatilia panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye jike lake huweza kuwa na chuchu 24 na mara nyingi huzaa watoto wapatao 10 au zaidi kwa mkupuo. Jioni tulitega visanduku vya aluminiamu kwa chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi. Alfajiri tulivipitia, tukapima uzito, tukaweka alama na kuwaachia waliokuwamo. Asubuhi baada ya asubuhi, wengi waliotoka walikuwa panya shamba, wa kijivu na kahawia, hata ungeapa kwamba shamba lote lilikuwa lao peke yao.

Mzee aliyekuwa akituongoza, fundi wa maabara aliyeyajua mashamba yale kuliko wengi wenye shahada, hakuridhika na hesabu hiyo. Siku hiyo alituagiza tusiifunge mitego ya ukingoni, pale mahindi yanapokutana na nyasi ndefu, bali tuiwekee chambo kipya, tuifunike kwa majani isiungue na jua, na tuipitie mara kwa mara.

Nakumbuka kisanduku kimoja vizuri. Alfajiri nilikuwa nimemtoa humo panya shamba, dume lililonikojolea kiganjani kabla sijaliachia likatokomea kwenye ufa wa ardhi. Alasiri mlango wa kisanduku hicho hicho ulikuwa umefungwa tena, na bati lilikuwa na uvuguvugu mkononi. Nilimimina kilichokuwamo kwenye mfuko wa kitambaa, nikapapasa shingo kwa nje, nikakunja kitambaa taratibu. Alitokeza mnyama wa rangi ya udongo mwekundu, manyoya makavu yenye kukwaruza kidogo, na mstari mmoja mweusi ulionyooka katikati ya mgongo hadi mkiani. Chambo hakukigusa. Kinyesi alichokiacha kilikuwa cha kijani, na nilipoinama kurudisha mtego mahali pake niliona ulikuwa umekaa juu ya kijia chembamba kilichopita chini ya nyasi, pembeni kukiwa na vipande vya mashina vilivyokatwa kwa urefu unaokaribiana.

"Shikamoo yake hujampa," mzee alisema, "na amekuwa akipita hapa kila siku ukiwa umelala."

Alikuwa Lemniscomys rosalia, panya wa mstari mmoja, mlaji wa nyasi ambaye hutembea zaidi mchana. Yeye na panya shamba walikuwa wakitumia mita zile zile za ardhi, mmoja akitafuta mbegu na wadudu gizani, mwingine akikata majani juani. Baadaye niliwafahamu na wengine: panya mdogo kabisa, Mus minutoides, ambaye kwa kawaida hafikii gramu 10 na aliweza kukanyaga kibao cha mtego bila kukifyatua, na Grammomys, ambaye hupanda vichaka na kujenga kiota chake humo, juu ya vichwa vya wenzake. Wote ni wa jamii moja kubwa ya panya, ingawa si ndugu wa karibu kiasi cha kuitwa kaka na kaka.

Kuhusu ndugu wa karibu kweli, mzee alitusimulia jioni ile habari za panya miba wawili wa miamba ya Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi. Acomys cahirinus hutoka usiku, na Acomys russatus hutoka mchana katika joto lile la kutisha. Watafiti walipowaondoa wale wa usiku, wale wa mchana walianza kutoka usiku pia. Kwa hiyo ule mpangilio uliofanana na maelewano ulikuwa na kusukumana ndani yake, na tangu hapo nimeshindwa kuamua kama nilichokiona ukingoni mwa lile shamba kilikuwa amani au ugomvi uliokwisha zamani sana.

Nilimuuliza kama nasi tungewaondoa panya shamba wote ili tuone yule wa mstari atafanya nini. Alicheka. Alisema ukiwatega wote leo, muda si mrefu shamba litajaa wengine kutoka vichakani.

"Na ukifaulu, kijana wangu, wakulima watakubeba mabegani hadi mjini. Nani atabaki hapa usiku kuhesabu wa mstari?"