Kale kamstari kwenye karatasi ya mshahara

Jana nimetoka zamu, viatu bado vina theluji, nikapitiliza maktaba kumsikiliza mwakilishi wetu wa Bunge la Minnesota. Tulikuwa watu wachache tu na kahawa iliyopoa. Akagusia barabara, kodi za nyumba, haya. Masikio yakanisimama alipofika kwenye likizo yenye malipo: sheria ya 2023, imeanza Januari 1, 2026. Kuugua mwenyewe, hadi wiki 12. Kulea kichanga au kuuguza mtu wako, hadi 12. Jumla zisizidi 20 kwa mwaka. Makato ya mwaka 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu. Kumbe ndiko kale kamstari ninakokalaani kila nikilipwa! Mama mmoja Mkongo akaninong'oneza, "Papa, na sisi ba usiku tuko ndani?" Tumo, mama, hata sisi wa zamu ya usiku.