Bei ya Mega Isitegemee Kilichomo Ndani Yake

Kwenye vibanda vya kuuza unité, yaani salio la simu, katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, mteja huuziwa mega, yaani data ya intaneti, za aina mbili. Za kwanza hufungua chochote kilichoko kwenye intaneti. Za pili hufungua WhatsApp, au WhatsApp pamoja na Facebook, na huishia hapo. Hizi za pili ni za bei rahisi zaidi, na ukikaa karibu na kibanda kidogo tu utawasikia wanafunzi, akina mama wauza unga na vijana wa taksi wakiziomba. Watu wengi huona huo kuwa ukarimu wa kampuni ya simu. Mimi naona ni jambo lilelile ambalo Wamarekani wamelibishania mahakamani kwa miaka mingi, ila kwetu linajitokeza kwenye bei badala ya kujitokeza kwenye kasi.

Kanuni yenyewe, iitwayo kwa Kiingereza net neutrality, yaani usawa wa data kwenye mtandao, si ngumu kueleza. Anayebeba data kati ya mtumiaji na tovuti asichungulie kilichomo kwa nia ya kukizuia, kukichelewesha au kukipendelea. Kazi yake ni kubeba, na alipwe kwa kubeba. Profesa wa sheria Tim Wu ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 2003, na visa vya kweli havikukawia. Mwaka 2005 kampuni ya Madison River ya North Carolina, ambayo yenyewe iliuza huduma ya simu za mezani, iliwazuia wateja wake wa intaneti kutumia Vonage, iliyopitisha simu kwenye intaneti. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliingilia kati, na kampuni ikakubali kuacha na kulipa dola 15,000. Mwaka 2007 ikagundulika kwamba Comcast, kampuni kubwa ya intaneti ya huko, ilikuwa ikiwavuruga watumiaji wa BitTorrent, njia ya kugawana mafaili. Baadaye kanuni ikawa inawekwa na kuondolewa kufuatana na chama kilichoshika ikulu: ilipitishwa mwaka 2015, ikafutwa Desemba 2017, ikarudishwa Aprili 2024, na mahakama ya rufaa huko Cincinnati ikaiangusha tena Januari 2025. Katika hilo hatuna cha kuwaonea wivu.

Hofu ya Marekani ilitokana na waya unaoingia nyumbani, kwa kuwa katika mitaa mingi ya huko mwenye waya huo ni mmoja au wawili, na pengine ndiye huyohuyo anayeuza televisheni. Kwetu intaneti ni simu ya mkononi. Vodacom, Airtel, Orange na Africell zinagombania wateja, na mtu mmoja hubeba SIM mbili au tatu bila kuona ajabu. Wanaotetea vifurushi vya WhatsApp husema kwamba ushindani huo unatosha kumlinda mteja. Ungetosha kama kampuni zingeshindana kwa kushusha bei ya mega za kawaida. Lakini kila moja ikipata faida kwa kugawanya intaneti vipandevipande, mteja anayehama hukuta vipande vilevile mlango wa pili.

Nakubali kwamba kuuza intaneti Lubumbashi ni kazi ghali. Kebo ya baharini ya WACS ilitua Muanda mwaka 2013, kwenye Atlantiki, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, ndiyo maana mji wetu umeutegemea sana mkongo unaotokea Zambia kupitia Kasumbalesa, na kila nchi inayopitiwa njiani ina bei yake. Minara inahitaji jenereta na mazutu, kwa sababu umeme wa SNEL hauaminiki. Gharama hizo ni halali, na sina ugomvi na kampuni inayozitoza. Ninachouliza ni kwa nini mega inayobeba picha ya WhatsApp iwe rahisi kuliko mega inayobeba ukurasa wa chuo kikuu, wakati zote zimepita kwenye mnara uleule na kuchoma mazutu yaleyale.

Jibu moja lina uzito. Google na Meta, yenye Facebook na WhatsApp, huweka seva zao ndani ya mitandao ya kampuni za simu, ili video na picha zinazotazamwa na wengi zihifadhiwe karibu na zisiletwe upya kutoka ng'ambo kila mara. Data ya namna hiyo humgharimu mbebaji kidogo zaidi. Lakini kama hiyo ndiyo sababu, punguzo linastahili kuifikia kila data inayokaa karibu, ikiwemo ya redio ya hapa mjini iliyoweka tovuti yake kwenye seva ya hapahapa na kubadilishana data kupitia LUBIX, kituo cha kubadilishana data cha Lubumbashi. Redio hiyo haipewi punguzo na mtu yeyote. Na hata hivyo, simu ya video ya WhatsApp kati ya mtu wa mtaa wetu wa Katuba na nduguye aliyeko Brussels haihifadhiwi kwenye seva yoyote, inasafiri njia yote, na bado huhesabiwa kwa bei ya chini. Kwa hiyo bei haikufuata gharama. Imefuata kile ambacho mteja hawezi kukiacha.

Matokeo yake yanaonekana zaidi kwenye viungo. Habari inatumwa katika kikundi: kichwa cha kutisha, picha, na chini yake kiungo. Mwenye mega za WhatsApp peke yake anakiona kichwa na picha, lakini akibonyeza kiungo hakifunguki. Kanusho likitoka kwenye tovuti ya gazeti saa mbili baadaye, halimfikii mpaka mtu mwingine alipige picha na kulituma. Tunawalaumu sana watu kwa kusambaza uvumi bila kuuhakiki, na ni nadra tukumbuke kwamba tumewauzia intaneti ambayo uvumi ni wa bei rahisi na uhakiki ni wa bei ghali. Mwalimu naye hutuma masomo WhatsApp kwa kuwa anajua wanafunzi hawataifungua tovuti, na fundi kijana anayetaka kujenga tovuti ya kuuza mahindi ya jumla anaanza akiwa nyuma, maana mteja analipa zaidi kumfikia yeye kuliko kuifikia Facebook.

India iliamua jambo hili Februari 2016, pale mamlaka yake ya mawasiliano, TRAI, ilipopiga marufuku bei zinazotofautiana kwa maudhui, na huduma ya Free Basics ya Facebook, iliyofungua tovuti chache tu bila malipo, ikaondoka nchini humo. Ilisemwa kwamba maskini wangebaki gizani. Septemba mwaka huohuo kampuni ya simu ya Jio iliingia sokoni na data ya bure, bei zikaporomoka, na maskini hao wakapata intaneti nzima. Ni kweli kwamba nyuma ya Jio kulikuwa na mali ya tajiri Mukesh Ambani, na kwetu hakuna mtu wa namna hiyo. Lakini marufuku yenyewe haikumzuia yeyote kushusha bei. Barani Ulaya, mahakama ya haki ya Umoja wa Ulaya ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2020 na 2021.

Kuna upande mwingine unaonitia wasiwasi zaidi ya bei. Januari 2015, na tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu, serikali iliamuru intaneti ikatwe na kampuni zikatii. Mtandao uliozoea kuitenga WhatsApp na vingine kwa ajili ya bei unaweza kuitenga kwa ajili ya kuizima.

Siombi vifurushi vidogo vifutwe kesho, kwa sababu kuna watu ambao bila hivyo wasingekuwa na chochote. Naomba ARPTC, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilazimishe kwamba popote panapouzwa kifurushi cha WhatsApp, pauzwe pia kifurushi kidogo cha intaneti yote kwa bei ileile ya kila mega. Asitokee wa kusema kwamba kampuni hazishikiki: kuanzia mwaka 2020 hadi ilipofutwa mwaka 2022, zilikata RAM, ada ya usajili wa simu iliyowekwa na serikali, kwenye unité za wateja bila kukosa.