Masaji ya kwanza: unachokutana nacho mle ndani

Ukimwambia mtu hapa Mwanza kwamba unaenda masaji anakuangalia kwa jicho la pembeni, alafu anacheka, alafu anauliza "masaji ipi hiyo?" Sasa ngoja nieleze ni ipi, maana tangu washkaji wajue naendaga kukandwa mgongo simu haipumziki, na maswali mengi wala sio ya bei, watu wanaogopa tu hawajui wataanzia wapi.

Mimi kutwa nipo kwenye kompyuta, jioni bajaji inanishusha barabarani nianze kupanda mawe ya Mabatini na mizigo mkononi, kwahiyo shingo na mabega yangu mnaweza kuyafikiria wenyewe.

Cha kwanza utakachokutana nacho sio mafuta, ni maswali. Mchuaji anayeijua kazi yake hakugusi kabla hajakuuliza kama una presha, kisukari, mimba, kama umefanyiwa operesheni karibuni, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama kuna mafuta yanakudhuru ngozi, na unaumia wapi hasa. Jibu ukweli. Mfano umeshuka basi la Dar, umekaa zaidi ya kilomita 1,000, alafu mguu mmoja tu umevimba, kigimbi kina joto na kinauma, huo usiupeleke kukandwa jamani, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa na ukikandwa lile bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu, hapo unaenda hospitali haraka, Bugando au Sekou Toure. Na mwili ukikuuma huku una homa, huku kwetu ziwani kapime malaria kwanza, masaji itakusubiri. Mahali ukifika tu unaambiwa "vua lala" bila swali hata moja, mimi naondokaga.

Haya, nguo. Hapa ndo wengi wanakwama. Anakuonyesha kitanda, anatoka nje, anafunga mlango. Unavua kiasi roho yako inachoridhia, nguo ya ndani unabaki nayo hakuna atakayekushangaa, unajifunika shuka au khanga alafu anabisha hodi ndo anaingia. Anafunua sehemu anayoikanda tu, akimaliza anafunika anahamia nyingine. Kama hutaki kuvua kabisa sema, kuna masaji ya kwenye kiti unakandwa shingo na mabega na nguo zako mwilini. Na kama unataka mwanamke mwenzio au mwanaume mwenzio akuhudumie, sema wakati unapiga simu, usisubiri umeshalala.

Kitanda kina tundu la kuweka uso, kwahiyo nusu saa nzima unachokiona ni sakafu na yeboyebo za mchuaji zikizunguka. Anapasha mafuta kwenye viganja, anaanza na mkono mrefu wa taratibu kutoka kiunoni mpaka shingoni, misuli ilegee, ndo anaingia kukanda kama unga wa chapati. Yule ninayemwendea mimi akifika pembeni ya bega la kulia anasimama. Pale kuna kinundu. Anakibonyeza kwa kidole gumba, anakaa hapo hapo bila kusogea, ananiambia toa pumzi, na ukitoa pumzi unakisikia kabisa kinalegea, alafu maumivu yanapanda mpaka nyuma ya sikio, yani unashangaa bega na sikio wanajuana vipi.

Maumivu yapo ila yana kipimo. Ukiona umebana meno na pumzi imesimama ujue imezidi, mwambie "punguza kidogo dada", hatachukia, yeye hayupo ndani ya mwili wako. Sisi huku tumelelewa kuvumilia, mtu anakandwa machozi yanamtoka akiulizwa vipi anasema safi tu! Kwahiyo kesho unaamka umevimba alafu unasema masaji mbaya.

Na mkono ukienda mahali hamjakubaliana, au ukaanza kusikia habari za "huduma ya ziada", amka vaa ondoka, huna haja ya kuomba radhi. Na wewe mteja unayekwenda na hayo mawazo, wachuaji wa kweli watakutoa nje, na watakuwa sahihi.

Ukisinzia ukakoroma ni kawaida. Tumbo kunguruma kawaida pia. Ila usiende umetoka kushindilia ugali na sato saa hiyo hiyo, kulalia tumbo lililojaa ni mateso.

Watakwambia pia masaji inatoa sumu mwilini. Hapana bwana, hiyo kazi ni ya figo na ini, masaji inalegeza misuli na kukupunguzia mawazo, na kwangu hiyo inatosha hela niliyotoa. Bei uliza kabla, pamoja na dakika, maana kuna wa 30 na kuna wa 60.

Ukimaliza usikurupuke, kaa pembeni ya kitanda kwanza, ukisimama ghafla kizunguzungu kinakubeba, na kudandia bodaboda ukiwa hivyo sikushauri. Misuli kuuma siku moja au mbili sio shida, ikizidi hapo au mguu ukafa ganzi nenda hospitali. Na vaa shati la kazi ya nyumbani, mafuta yale huwa hayafutiki yote, kola nyeupe ikishayanywa utafua mpaka uchoke.