Maji Ndiyo Yaliyonitesa

Nilipopata kiharusi, wote tuliukodolea macho mguu. Koo hakuna aliyelikumbuka, hata mimi mwenyewe, mpaka nimonia iliponirudisha kitandani. Nilikuwa nakunywa maji vizuri tu, sipaliwi, sikohoi. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kwenye eksirei ya video nilimeza dawa nyeupe ya bariamu, nikaona kwa macho yangu inavyoteleza kuingia njia ya hewa, nami nimetulia kama hayanihusu.

Mtaalamu wa umezaji akanieleza kuwa maji yana haraka: hufika kooni kabla kikoromeo hakijapanda kuifunga njia ya pumzi. Basi wiki 3 nikalishwa kwa mpira wa puani, kisha nikahamia vyakula vilivyopondwa laini na maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito. Maji hayo siyasifii. Yanashuka salama, ila kiu inabaki palepale.

Zoezi lililonitoa jasho ni la kulala chali bila mto na kuinua kichwa hadi nione vidole vya miguu, mabega yasinyanyuke. Lengo lilikuwa dakika 1, mara 3. Siku ya kwanza shingo ilianza kutetemeka kwenye sekunde ya 15. Lingine ni kumeza huku nikikizuia kikoromeo kibaki juu sekunde mbili tatu, vidole vikiwa shingoni kukisikilizia. Hilo nililikosea wiki nzima.

Kuinamisha kidevu nikimeza kulinifaa, lakini kwanza tulikujaribu kwenye ile eksirei. Mgonjwa wa kitanda cha pili hakukumsaidia. Yeye aliambiwa ageuze uso upande uliopooza. Ndiyo maana nikiombwa nifundishe wengine mtindo wangu, nakataa.

Mengine aliyasimamia mke wangu: nikae wima, nibaki hivyo nusu saa baada ya kula, nisafishwe kinywa hata siku nisizokula kwa mdomo, maana mate machafu nayo huteremka mapafuni. Alikagua pia shavu lililolegea, ambako chakula kilijificha bila mimi kuhisi. Wageni walikatazwa kuniongelesha mezani, wengine walinuna.

Baada ya kila funda nilitakiwa niite "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, nikohoe, nimeze tena. Mwezi wa 4, kipimo kiliporudiwa, nikapewa kijiko kimoja cha maji matupu. Nikainamisha kidevu, nikameza, nikaita. Ikatoka kavu. Nikaomba cha pili.